Namba ya Nakundwa

Namba ya maumivu ya Mzee Senzighe Mfinanga ilikuwa sifuri, na aliivaa kama wengine wanavyovaa nishani. Ilichapwa kwenye kitambulisho chake chini ya kundi la damu, mahali ambapo watu wengi walikuwa na nne, tano au sita. Kwa miaka arobaini alifanya kazi kwenye kituo cha umeme wa mvuke chini ya milima ya Upare, na bomba lilipopasuka wakubwa waliuliza kwanza, "Sifuri wako wapi?" Wafinanga walisimama. Baba yake alikuwa akisimama kabla hata ya serikali kuanza kupima watu namba. Yeye alisimama. Mwanawe Mbazi alisimama, mpaka alipokufa akiwa na miaka thelathini na mmoja.

Sasa mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikaa kwenye kiti cha plastiki katika kituo cha neva, akimsikiliza Daktari Shemdoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Daktari alimgeuzia kishikwambi. Picha ilikuwa ya mguu wa kushoto wa mjukuu wake, Nakundwa, aliyebakiza miezi miwili kutimiza miaka minane. Naye alikuwa sifuri. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika mara tatu. Mara ya tatu alitembea nacho siku nne, akaruka nacho kamba, akapanda nacho mpera.

Jambo hilo lilimkera mzee kwa sababu lilitokea mikononi mwake. Katika nyumba za sifuri kuna ukaguzi. Kila jioni kabla ya chakula mtoto huketi kwenye kigoda, nyayo hugeuzwa juu, mdomo hufunuliwa, vidole hubonyezwa kimoja kimoja, macho humulikwa tochi, kwa kuwa mwili ule hautasema wenyewe. Nambike, mama wa mtoto, alizaliwa tano, lakini alijifunza ukaguzi tangu alipoolewa na Mbazi na hakuwahi kuuruka. Wiki ile alikwenda kwao kwenye msiba. Mzee alibaki na mtoto, akamwona anacheka, akaridhika.

"Ukivunjika tena, mguu hautapona," alisema daktari.

Akaeleza kilichowezekana. Kulikuwa na kidude cha ukubwa wa punje ya harage, kinachowekwa chini ya ngozi ya shingo, ambacho kingezifungua neva za mtoto. Mzee akauliza zilifungwa na nini. Alipenda kuelewa mitambo, na alitaka kueleweshwa kama mtu aliyewahi kuishika.

"Ndani ya neva kuna milango midogo inayopitisha chumvi," alisema daktari. "Mtu akiumia, milango inafunguka, habari inakimbia kwenda kwenye ubongo. Kila mtu ana milango yake kadiri jeni zake zilivyoandika, ndiyo maana mwiba mmoja ukiwachoma watu wawili, mmoja atalia na mwingine ataendelea na safari. Kwenu herufi moja imebadilika. Milango haijifungi. Inavuja tangu asubuhi mpaka asubuhi, neva inachoka, na siku habari ya kweli inapokuja haina nguvu ya kuibeba."

Mzee alilipima neno hilo. "Kwa hiyo sisi si wagumu."

"Ninyi mmechoka, mzee. Tangu kuzaliwa."

Hakulipenda jibu, lakini aliliheshimu, kwa kuwa lilikuwa fupi na halikumbembeleza.

Masharti yalikuwa haya. Kazi ifanyike kabla mtoto hajatimiza miaka minane. Kidude kiwekwe kwenye namba moja tu, na namba hiyo ingekuwa yake maisha yote, kwa sababu ubongo wa mtoto ungekua ukiizunguka. Na namba haikuchaguliwa na daktari. Ilichaguliwa na ndugu wa damu mwenye herufi ileile, baada ya kuwekewa kidude cha majaribio na kuzionja mwenyewe namba zote, moja hadi saba, kila siku moja. Baba wa mtoto angefaa zaidi, ila alikuwa kaburini. Alibaki babu. Siku ya saba angetaja namba, na mama angeiandika kwenye fomu kama ameikubali. Bila hao wawili kukubaliana, hakuna kitakachofanyika.

Nambike alikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Alisema kwa upole kwamba yeye alishakubali zamani, alikuwa akimsubiri baba tu.

"Nifungueni," alisema mzee. "Tuone hicho mnachokiogopa."

* * *

Namba moja ilikuwa kama inzi anayetembea kwenye mkono. Namba mbili ilimfundisha kwamba chai huwa na moto. Alikunywa vikombe vitatu kwa udadisi, akaunguza ulimi, akakaa kivulini kwenye baraza yake akiusikilizia kwa furaha ya mtu aliyenunua redio mpya.

Kiondo, binamu yake na mtani wake wa miaka yote, alikuja kila siku kumtazama. Huyu alikuwa saba. Walipokuwa wakifanya kazi pamoja, yeye alikuwa kwenye chumba cha vipimo, kwa kuwa hata kola ya shati jipya ilimsumbua. Alivuta kiti, akamchunguza mzee kuanzia kandambili hadi kofia.

"Karibu duniani, binamu. Tumekusubiri sana huku."

"Mbona pazuri? Nilidhani mnaishi motoni, kwa jinsi ulivyokuwa ukilia."

"Wewe ngoja. Bado uko kizingitini."

Siku ya tatu magoti yalijitambulisha. Yalikuwa yameharibika kwa miaka mingi ya kupiga magoti juu ya chuma cha moto, na sasa yalimweleza hivyo kila alipoinuka. Mzee aliinuka mara nyingi kuliko alivyohitaji, ili Kiondo aone. Aliwaambia majirani waliokuja kusalimia kwamba kama haya ndiyo watu wanayolilia, basi watu wamedekezwa. Namba aliyokuwa nayo ingemtosha mtoto: ingemwonya, isingemtesa.

Nakundwa alikuja na gongo lake la kutembelea, akakaa chini mbele yake. Alikuwa na swali alilokwisha kumuuliza mama yake, mwalimu wake na muuguzi, na wote walimjibu kwamba inauma tu.

"Babu, inaumaje?"

Mzee alitambua kwamba katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeweza kujibu, maana ndiye tu aliyekuwa ametoka kule mtoto aliko. Alifikiri kwa makini.

"Ni kama mtu anakuita jina lako akiwa chumba kingine. Namba moja hujui kama kweli ameita. Namba mbili unasikia, lakini unaweza kujifanya hukusikia. Leo amefika mlangoni."

"Anataka nini?"

"Anataka uache unachokifanya, umwangalie."

Mtoto akauliza kama mtu huyo ana hasira. Babu akasema hapana, ila hana adabu ya kusubiri.

* * *

Kila siku alipandishwa namba asubuhi, na alasiri alirudi kituoni kutoa taarifa. Siku hiyo ya tatu alisema ameshaamua: tatu. Daktari Shemdoe hakubisha. Alimwambia kwamba mtambo wake una maumivu yaliyorekodiwa kutoka kwa wagonjwa waliokubali, meno, figo, kuvunjika mifupa, uchungu wa uzazi, na kwamba kabla ya kuchagua angeweza kuomba lolote alijaribu kwenye namba hiyo. Ni salama, linadumu nusu dakika.

Mzee alitazama dirishani. "Una kidole tumbo?"

Kwenye benchi la mlangoni, Nambike aligeuka kumtazama. Mbazi aliuawa na kidole tumbo. Kilivimba, kikaoza, kikapasuka, na mwenye mwili hakujua mpaka alipoanguka kwenye chumba cha mabomba.

"Ninacho," alisema daktari. "Saa ya kwanza, au ya mwisho?"

"Ya kwanza. Wakati bado kuna nafasi."

Maumivu yalikuja kuzunguka kitovu, mazito na ya chini, yakakaa, yakaondoka. Daktari akauliza ameona nini.

"Njaa."

"Ungefanya nini?"

"Ningekwenda kazini."

Nambike alisimama akatoka nje. Mzee alisikia hatua zake zikienda mpaka mwisho wa ujia na kusimama huko.

Hakusema tena habari ya tatu. Siku ya nne aliomba kitu kilekile, akajibu kwamba angekunywa maji ya moto, kisha angekwenda kazini. Siku ya tano alijibu kwamba angekaa kidogo, kisha angekwenda. Siku ya sita alijikunja kwenye kiti mpaka paji la uso likagusa magoti, na sauti ambayo hakuitambua kuwa yake ikasema, "Mwiteni mtu."

Alipoweza kukaa wima, aliona daktari ameandika sita kwenye karatasi yake na kuizungushia duara. Ndiyo, basi. Sita ingekuwa namba ya mtoto. Lakini mzee alikuwa mtu wa vipimo, na kipimo hiki hakikumkaa vizuri. Aliuliza wagonjwa wa kidole tumbo wenye namba nne hufanya nini.

"Wengi wanakuja hospitali siku hiyohiyo."

"Basi nne yangu ina kasoro. Mtambo wako hauko sawa."

"Nimeupima, mzee. Nne yako ni sawa na nne ya mtu yeyote, mpaka kwenye nukta."

"Tofauti iko wapi?"

Daktari alizima kishikwambi. "Hao wengine, walipoumia wakiwa wadogo, kulikuwa na mtu anayewauliza, na wakijibu hawachekwi. Neva inapeleka habari kwenye ubongo tu. Kutoka hapo kwenda mdomoni hakuna jeni."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mzee alikuwa akikumbuka asubuhi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa na habari zake. Mbazi aliuacha uji wake. Alikuwa akitokwa jasho, na baridi ya Juni ilikuwa haijaondoka kwenye mabati. Mwili wa sifuri hauwezi kuuma, lakini una njia nyingine ndogondogo za kulalamika, na Mbazi alizisikia. Alisema, "Baba, leo sijielewi." Na yeye, Senzighe, bila kunyanyua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akikifunga kamba, alimjibu kwamba Wafinanga hawalali mchana.

Msibani aliwaambia watu kwamba mwanawe alikufa bila kusema hata neno. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Alilirudia kwa miaka mitano.

* * *

Jioni hiyo namba sita ilimlaza kitandani. Mwili ulikuwa ukimpa taarifa za miaka sabini kwa siku moja: mbavu mbili zilizojiunga vibaya, jino lililooza hadi kwenye mzizi, nyayo, mgongo, na magoti juu ya yote. Alikuwa ameung'ata mto.

Kiondo aliketi pembeni akimenya chungwa. Kwa siku mbili alikuwa amepunguza utani, na hilo lilimuudhi mzee kuliko magoti.

"Sema kitu," alisema mzee.

"Niseme nini? Unajua shida yako, binamu? Hata hapo ulipo unakula mto wa watu ili jirani asisikie. Mimi ni saba na nimefika umri huu salama, unajua kwa nini? Kila kitu kikiniuma nakisema. Mke wangu amechoka kunisikia, lakini nipo."

Mzee aliutoa mto mdomoni. Akaanza kupiga hesabu, na hesabu ilikuwa nyepesi. Mtoto anayelelewa katika nyumba hii angehitaji sita, kwa sababu nne na tano angezimeza, kama babu yake. Sita shuleni akianguka. Sita kwenye jino. Sita siku ya kujifungua, na sita uzeeni, kila asubuhi, baada ya babu kuwa udongo. Mtoto wa nyumba ya pili angekuwa salama kwa nne. Namba mbili za ziada hazikutoka kwenye herufi ya jeni. Zilitoka kwake.

Alijua pia kwamba kosa la upande wa pili lilikuwa baya vilevile. Akisema nne na nyumba ikabaki ilivyo, Nakundwa angekwenda kazini na tumbo lililooza.

"Mama Nakundwa," aliita. Haikutosha. Akaita kwa nguvu zaidi.

Nambike alikuja akasimama mlangoni, mikono ina unga. Katika miaka kumi ya kuishi nyumba moja, baba mkwe wake hakuwahi kumwita kwa ajili ya mwili wake.

"Goti linaniuma," alisema mzee. "La kulia zaidi. Siwezi kufika chooni peke yangu."

Nambike alikung'uta unga mikononi. Akasema, "Pole, baba," akamwomba Kiondo amshike, akarudi jikoni. Mzee alikuwa ametegemea zaidi ya hapo, kisha akaona hakuwa na haki ya kutegemea.

Alipolazwa tena, Nakundwa aliingia na tochi. Alikuwa amesikia. Alimgeuza babu nyayo juu, akazimulika, akambonyeza vidole kimoja kimoja, akamwamuru afumbue mdomo. Babu alitii. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

"Hakuna kitu," alisema mtoto.

"Kipo. Hakionekani."

"Sasa wewe umekijuaje?"

"Ameingia chumbani. Amenishika koo."

Mtoto alifikiri, tochi ikiwa bado inawaka. "Na ukimwangalia anaondoka?"

"Ukiwaambia watu, wanakusaidia kumtoa."

* * *

Siku ya saba alivumilia namba saba kwa dakika kumi, akaomba ishushwe. Alisema hivyo waziwazi mbele ya wauguzi wawili: kwamba imemshinda. Daktari alimshusha hadi nne, ambayo baada ya ile ilikuwa kama kivuli cha mti, akaiweka fomu mezani, akamwuliza namba ya mtoto.

"Nne."

Nambike alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kalamu mkononi. Aliinua macho. "Siku ile ulisema kwenye nne ungekwenda kazini, baba. Jana kwenye sita ndipo ulipoita mtu."

"Sita ni ya nyumba yangu ilivyo. Sitaki abebe mbili za ziada kwa ajili yangu. Nataka kubadili nyumba."

"Nyumba ile haibadiliki kwa maneno. Nimeikaa miaka kumi. Nimekagua miguu ya mume wangu kila jioni, na kila jioni alinicheka, kwa sababu alifundishwa kucheka." Sauti yake haikupanda. "Wewe na nne yako ya majaribio, kesho unarudi sifuri, na mwanangu anabaki humo na nne peke yake. Hapana. Bora sita."

Hoja yake ilikuwa sahihi, na mzee aliiona ilivyo sahihi. Hakuwa na cha kuiwekea juu yake ila kitu kimoja.

"Mbazi alisema," alianza.

"Alisema nini?"

"Asubuhi ile. Aliacha uji. Aliniambia hajielewi. Nikamwambia Wafinanga hawalali mchana, akavaa viatu akaenda. Nimewadanganya watu kwamba hakusema neno. Alisema. Aliniambia mimi."

Kalamu ililazwa mezani. Daktari Shemdoe aliinuka nusu, akakaa tena.

"Nilikuwa nyumbani," alisema Nambike. "Nilikuwa nyuma ya jiko nafua. Angekuja kwangu ningempeleka hospitali kwa miguu yangu, nimebeba mtoto."

"Najua."

"Miaka mitano unajua."

"Miaka mitano."

Hakuomba radhi. Alihisi kwamba kuomba kungekuwa kumtaka Nambike afanye kazi nyingine tena kwa ajili yake. Alikaa akasubiri, na goti likamwuma, na hakulisogeza.

Nambike alijifuta uso kwa upande wa khanga. Alipozungumza tena, alizungumza na daktari. "Anaweza kubaki na kidude? Asirudishwe sifuri?"

Daktari akasema inawezekana, kama mwenyewe anataka, ila kitambulisho kingebadilishwa, na mtu akishafutwa kwenye orodha ya sifuri harudishwi tena.

"Ninataka," alisema mzee. "Nne. Siwezi kumfundisha kusema kitu nisichokisikia."

"Kila jioni utakaguliwa kabla yake," alisema Nambike, sasa akimtazama yeye. "Kwenye kigoda, mtoto akiwepo, na binamu yako akiwepo kama amekuja. Utasema kinachouma, mahali na kiasi. Siku utakaposema hakuna kitu na mimi nikaona unachechemea, namchukua mwanangu nahamia kwetu."

"Nimekubali."

"Anza."

Mzee Senzighe Mfinanga alivuta pumzi. "Goti la kulia. Na la kushoto, kidogo. Jino la nyuma, chini. Ubavu nikivuta hewa, kama sasa."

"Endelea."

"Mbazi."

Nambike aliichukua kalamu. Aliandika nne kwa tarakimu, kisha kwa herufi, akatia saini, akaisukuma fomu upande wa pili. Mzee akatia saini yake chini ya hiyo, kwa mwandiko mzuri aliojivunia.

Alijaribu kuinuka akashindwa. Mkwe wa kike hampi baba mkwe mkono, hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi, na muuguzi alikuwa tayari anakuja. Nambike alimtangulia. Alizunguka meza, akamshika mkono wenye vidole viwili vilivyowahi kuvunjika, akamvuta mpaka akasimama.

"Unaniumiza kidogo," alisema mzee.

"Vizuri," alisema Nambike, na hakulegeza.